Sehemu ya 9: Bega Linalouma Ghafla, na Picha Inayoitafuta Neva

Wiki iliyopita tulimaliza habari za homa ya mtoto usiku. Leo tunamwacha mtoto alale kidogo, tumwangalie mama yake.

Naanza na neno moja linalotusumbua sana wodini: mshipa. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, mshipa ni kila kitu. Damu inapita kwenye mshipa. Ukishtuka kiuno, "mshipa umekaza". Shingo ikikataa kugeuka, "mshipa umevutika". Mtoto akilia na kujikunja tumbo, bibi anasema "ana mshipa". Kwa hiyo mama akija kwetu na kusema "nesi, mshipa wa bega unaniua", tunasikia sentensi yenye maana tano, na mara nyingi tunachagua ile rahisi: umechoka, umebeba mtoto sana, paka dawa ya kuchua.

Mara nyingi huwa ni hivyo kweli, uchovu tu. Lakini leo nataka kuzungumzia ule mshipa mmoja ambao ukiumwa, dawa ya kuchua haiugusi. Ni mshipa wa fahamu, yaani neva. Neva ni kama waya wa umeme: inapeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye msuli, na inarudisha taarifa ya joto, mguso na maumivu. Neva za mkono zinatoka shingoni, mizizi mitano kila upande. Zinasukana kama nywele za kilimi chini ya mtulinga, kisha zinagawanyika kwenda begani, mkononi hadi vidoleni.

Kuna ugonjwa unaozishambulia neva hizi ghafla. Mtu analala mzima, anaamka usiku wa manane bega linawaka. Mwaka 1948 madaktari wawili Waingereza, Parsonage na Turner, waliandika kuhusu wagonjwa 136 wa namna hii, wengi wao wanajeshi, na hadi leo ugonjwa huitwa kwa majina yao: Parsonage-Turner. Jina lake lingine la kitabibu ni amiotrofia ya neuraljia, lakini hilo usilikariri, halitakusaidia dukani wala kliniki.

Kwa nini nawaambia nyinyi, wakati wa kwanza kuandikwa walikuwa askari? Kwa sababu moja ya mambo yanayojulikana kuuamsha ugonjwa huu ni kujifungua. Mengine ni maambukizi ya virusi (homa ya ini aina ya E inatajwa sana), upasuaji, kazi nzito ambayo mwili haukuizoea, na mara chache chanjo. Zipo pia familia chache ambazo ugonjwa huu ni wa kurithi, na wanawake wa familia hizo wanaweza kushikwa tena wanapopata mtoto mwingine. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kinga ya mwili, badala ya kupambana na adui wa kweli, inageukia neva zake yenyewe.

Sasa kabla sijaendelea, tusikilizane vizuri hapa. Si kila bega linalouma ghafla ni neva, na mengine hayasubiri kesho.

Ukiwa na ujauzito mchanga, au hedhi imechelewa, ukapata maumivu kwenye ncha ya bega pamoja na maumivu ya tumbo, kizunguzungu au kutokwa damu, nenda hospitali SASA. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu ndani ya tumbo huchokoza kiwambo cha kupumulia, na maumivu yanajitokeza begani. Maumivu ya bega yenye kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi ni ya dharura pia, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, maana damu iliyoganda inaweza kwenda kwenye mapafu. Bega lenye homa kali na kiungo kilichovimba na kuwa chekundu, nenda leo hiyohiyo. Na mama aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuumwa bega siku chache kwa sababu ya hewa na mchokozo uliobaki tumboni, ila hayo hupungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, rudi ulikopasuliwa.

Hayo yakishaondolewa, ndipo tunarudi kwenye neva.

Ugonjwa huu una mpangilio wake, na mpangilio huo ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Kwanza maumivu. Ni makali, yanaanza ghafla, mara nyingi usiku, na hayapungui ukikaa kitako wala ukilala. Dawa ya kawaida ya maumivu inayaangalia tu. Yanaweza kukaa wiki kadhaa, kwa wengi kama nne. Halafu, wakati mwingine baada ya saa kadhaa, wakati mwingine baada ya siku au wiki, maumivu yanaanza kulegea na mkono unaanza kuishiwa nguvu. Mama anashindwa kufunga kilemba. Anashindwa kuweka sufuria kwenye kabati la juu. Kombe la bega linatokeza mgongoni kama bawa la kuku aliyenyeshewa. Baadaye msuli wenyewe unanywea, bega moja linakuwa na bonde.

Maumivu kwanza, udhaifu baadaye. Ukisahau yote niliyoandika leo, hilo lishike.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekuja kliniki na kichanga cha wiki tatu. Hakuja kwa ajili yake, alikuja kupima uzito wa mtoto. Nikamwona anamtoa mtoto mgongoni kwa kuinama mpaka chini na kumtelezesha, badala ya kumzungusha kama tunavyofanya wote. Nikamuuliza, mama vipi, mkono? Akacheka kidogo, ile cheko ya mtu aliyechoka kujieleza. Akasema maumivu yalianza siku ya tisa baada ya kujifungua, usiku, mpaka aling'ata shuka asiwaamshe watu. Alikwenda sehemu mbili. Eksirei ilikuwa safi. Akaambiwa ni uchovu. Maumivu yalipoanza kupoa, watu wa nyumbani walidhani amepona, lakini ndipo mkono ulipogoma. Na hapo ndipo maneno yalipoanza: mbona zamani alikuwa analia na leo halii, ila kazi hafanyi? Wifi yake akasema anadeka. Jirani akasema ameguswa na mtu. Mume hakusema kitu, na kwa maelezo yake hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nilimwomba asimame asukume ukuta kwa viganja vyote viwili. Kombe la kulia likatokeza nje. Nikamwita daktari.

Mnaona tatizo lilipo? Eksirei haikusema uongo. Eksirei inaonyesha mfupa, na mfupa wake ulikuwa mzima. Ni sawa na kumwita fundi umeme, akakagua mita, iko sawa, akakagua balbu, iko sawa, akasema nyumba haina shida, huku waya uliopita ndani ya ukuta ndio umeungua. MRI ya kawaida ya bega inaangalia kiungo: kano, gegedu, maji kwenye kiungo. MRI ya kawaida ya shingo inaangalia pingili na kama kuna kitu kinabana mizizi. Neva yenyewe inapita katikati ya sehemu hizo mbili, na picha zote mbili zinaweza kutoka safi ilhali neva imevimba.

Hapo ndipo inapoingia picha ninayotaka muijue. Inaitwa neurografia ya MRI, yaani picha ya MRI iliyopangwa kwa ajili ya neva. Mbinu hii ilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa Uingereza na Marekani. Mashine ni ileile ya MRI, lile bomba kubwa lenye sumaku linalogonga kama mtu anapiga mabati. Kinachobadilika ni namna ya kuipanga. Mtaalamu anaiamuru mashine izime mng'ao wa mafuta ya mwili, na ikiwezekana izime pia mng'ao wa mishipa ya damu, ili neva ibaki ikionekana peke yake. Neva yenye uvimbe ina maji mengi kuliko kawaida, kwa hiyo inang'aa na kuonekana nene. Na misuli iliyokosa amri kutoka kwenye neva nayo hubadilika mng'ao. Ukiangalia ni misuli gani imeng'aa, unaweza kurudi nyuma na kujua ni neva ipi iliyougua, kama vile mtaa ukikosa umeme unajua ni transfoma ipi imekufa.

Picha nzuri ya namna hii hupendelea mashine yenye sumaku kali, ya tesla 3, maana neva ni nyembamba. Na inahitaji mtaalamu wa mionzi aliyezoea kuzisoma neva. Kwa hiyo hospitali kuwa na MRI si lazima iwe inapiga neurografia. Huku kwetu MRI ziko kwenye hospitali kubwa, na ni haki yako kuuliza: je, hapa mnaweza kupiga picha ya neva za bega, au mnapiga ya kiungo tu? Swali hilo moja linaweza kukuokolea hela ya picha isiyojibu ulichoumwa.

Watafiti wa Hospital for Special Surgery ya New York, ambao wameifanyia kazi sana picha hii, walionyesha jambo lililobadilisha mawazo ya wengi. Zamani iliaminika ugonjwa unakaa kwenye ule msuko wa neva chini ya mtulinga. Picha zilionyesha kwamba mara nyingi unashika tawi moja moja, mbele zaidi. Na kwenye baadhi ya matawi, neva imebanwa katikati, imekuwa nyembamba ghafla kama kiuno cha nyigu, wakati mwingine sehemu zaidi ya moja. Hakuna kitu cha nje kinachoibana. Neva yenyewe imejikunja na kujinyonga.

Hili si la kuwafurahisha wasomi tu. Linabadilisha matibabu. Neva iliyovimba bila kunyongeka mara nyingi husubiriwa, ikipewa dawa na mazoezi tiba. Neva iliyonyongeka, na mkono usioonyesha dalili yoyote ya kurudi baada ya miezi kadhaa, huenda ikahitaji daktari wa upasuaji kuifungua. Na upasuaji wa neva hauna subira isiyo na mwisho, maana msuli uliokaa muda mrefu mno bila amri hugeuka mafuta, na hapo hata waya ukitengenezwa, balbu imeshakufa.

Sasa msikimbilie wote MRI! Utambuzi unaanza kwa historia na mikono ya daktari. Kipimo kingine kinachotumika ni EMG, kinachopima umeme wa neva na misuli kwa visindano. Ni kizuri, lakini kikifanywa mapema sana kinaweza kutoka safi, kwa sababu msuli huchukua kama wiki tatu kuonyesha kwamba umekatiwa mawasiliano. Altrasaundi yenye ubora mkubwa, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, nayo inaweza kuona neva iliyonenepa au iliyobanwa, na ni nafuu na iko karibu zaidi. Na nisisitize: neurografia ikitoka safi haimaanishi huumwi. Picha ni shahidi mmoja. Shahidi mwingine ni kombe lako la bega, na mwingine ni wewe mwenyewe.

Najua maswali yenu, nayajibu kabla hamjaniandikia.

"Nanyonyesha, MRI itaharibu maziwa?" Hapana. MRI haina mionzi kama eksirei, inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Wakikuchoma dawa ya kung'arisha picha, inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, na chama cha wataalamu wa mionzi Marekani kinakubali mama aendelee kunyonyesha. Ila ukiwa MJAMZITO lazima useme, maana dawa hiyo huepukwa wakati wa ujauzito.

"Nina kitanzi." Kitanzi cha shaba kwa kawaida hakizuii MRI, lakini mwambie mpiga picha kabla hujaingia. Mwambie pia kama una chuma chochote mwilini, kifaa cha moyo, au kama uliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Pini za mtandio, vibanio, wigi lenye klipu, sidiria yenye waya, vyote vinabaki nje.

"Ninywe dawa gani?" Parasetamo na ibuprofeni kwa kawaida mama anayenyonyesha anaweza kutumia, kama huna vidonda vya tumbo, figo au sababu nyingine ya kukatazwa. Lakini usichukue tramado ya mtu mwingine ukanywa kwa sababu maumivu ni makali. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya akina mama wanaonyonyesha wasitumie kodeini na tramado, kwa sababu mtoto anaweza kusinzia kupita kiasi na kushindwa kupumua vizuri. Kuna wakati daktari huandika dawa za steroidi mapema kupunguza maumivu. Hizo ni za daktari, si za duka la pembeni.

"Nikandwe maji ya moto?" Hapa niwe mkali kidogo. Najua mila zetu baada ya kujifungua, nami nilikandwa. Lakini neva ikiumwa, ngozi ya juu ya bega inaweza kufa ganzi. Mkandaji anauliza "yanakuunguza?", wewe unasema hapana, kumbe ngozi haikuambii. Mama anatoka na malengelenge. Pima maji kwa mkono mzima, na bega lenye ganzi usiliweke kitu cha moto kabisa. Na usikubali mtu akuvute mkono kwa nguvu eti "anarudisha mshipa". Neva haikutoka mahali pake, hakuna cha kurudisha.

Kuhusu mtoto: mkono ukiwa dhaifu, usimwogeshe ukiwa umesimama. Beseni liwe chini, wewe ukae kwenye kigoda, na mtu mwingine awe karibu. Nyonyesha ukiwa umelala kwa upande usiouma au ukiwa umekaa na mto chini ya mtoto. Ukimbeba, fundo la kanga au mkanda wa mbeleko usipite juu ya bega linaloumwa. Na ukianza kukosa pumzi hasa unapolala chali, rudi hospitali haraka, kwa sababu neva ya kiwambo cha kupumulia nayo inaweza kushikwa.

Je, utapona? Sitawadanganya. Neva hukua taratibu, kama milimita 1 kwa siku. Ikibidi iote upya sentimita 15, hizo ni siku 150, miezi mitano. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wa safari hiyo atakuwa anajigeuza na kucheka kabla mkono wa mama haujaanza kuinuka. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miaka miwili au mitatu. Lakini utafiti mkubwa wa Nijmegen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha wagonjwa 246, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya waliofuatiliwa miaka 3 au zaidi walikuwa bado na maumivu au udhaifu fulani. Ndiyo maana mazoezi tiba ni muhimu, na si ya kunyanyua vyuma. Ni ya kumfundisha bega kutembea sawasawa na kujua mwisho wake kwa siku.

Yule mama wa kliniki alipata rufaa. Picha ya neva ilipopatikana, baada ya safari na kuchangishana, ilionyesha neva ya msuli unaoshikilia kombe imevimba, haikunyongeka. Daktari akasema wasipasue. Yaani kwa maneno mengine, picha ile ghali ilimwambia asubiri. Alivyonisimulia, mume wake aliiangalia ile filamu kwenye mwanga wa dirisha, hakuelewa chochote, akauliza tu, "Ni hapa?" Akaonyeshwa. Siku hiyo akaanza kuchota maji mwenyewe.

Nilifurahi kwa ajili yake, na pia nilisikitika. Mke wake alikuwa na neva ileile kabla ya picha. Alikuwa anauma meno kwenye shuka ileile. Picha inapaswa kumsaidia daktari kuamua apasue au asubiri. Haikutengenezwa ili mwanamke aaminiwe nyumbani kwake. Kuamini ni bure, hakuhitaji tesla 3.

Kwa hiyo ukimwona mama mwenye kichanga ambaye wiki iliyopita alikuwa analia na leo hawezi kuinua mkono, usimwambie anadeka. Msaidie aandike vitu vinne kwenye karatasi kabla hajaenda kwa daktari: maumivu yalianza siku gani na saa ngapi, udhaifu ulianza lini, ni kitu gani hawezi kufanya tena, na ni nini kilitangulia (kujifungua, homa, upasuaji). Karatasi hiyo mkononi mwa daktari ina thamani kuliko eksirei tatu.

Najua wapo watakaouliza kuhusu mkono wa mtoto uliolegea tangu kuzaliwa. Hiyo ni neva zilezile lakini kisa kingine, kinastahili siku yake. Wiki ijayo, Sehemu ya 10, tutakaa nacho.

Mtumie mtu mmoja unayedhani anahitaji kusoma hii. Usiku mwema, na aliye zamu leo, Mungu amtie nguvu.